Kuthibitisha maskani ya Marekani unapomdhamini mume au mke ukiwa nje: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa raia wa Marekani wanaoishi Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa, Nairobi, Muscat na kwingineko, waliooa au kuolewa huku na sasa wanataka familia nzima ihamie Marekani. Wenye grini kadi nao wana swali lao huko chini. Kwenye makundi ya WhatsApp ya diaspora, watu wakizungumzia kumfanyia mwenza makaratasi hujadili kipato, picha za harusi na maswali ya ofisa. Maskani hukumbukwa barua ya ubalozi ikiwa imeshatoka, wakati watoto wameshaaga shuleni na fanicha zimeshauzwa. Inauma, kwa sababu ni jambo ambalo mtu angeweza kuliandaa mapema, tena kwa gharama ndogo.

Maskani ni nini, na kwa nini ubalozi unaiulizia?

Safari ya kumhamisha mwenza huanza kwa fomu I-130, inayopelekwa idara ya uhamiaji ya Marekani, USCIS. Ikikubaliwa, faili huhamia Kituo cha Taifa cha Viza, NVC, kilichoko Portsmouth, New Hampshire. Hapo ndipo mdhamini hujaza fomu I-864, yaani hati ya kiapo cha udhamini: anaahidi kumtunza mhamiaji ili asiwe mzigo kwa serikali. Sheria iliyoleta kiapo hiki ilipitishwa mwaka 1996 na fomu ikaanza kutumika Desemba 1997. Mdhamini lazima awe raia au mkaazi wa kudumu (mwenye grini kadi), awe ametimiza miaka 18, awe na kipato cha kutosha, na awe na maskani katika mojawapo ya majimbo, Wilaya ya Columbia, au maeneo yaliyo chini ya Marekani kama Puerto Rico na Guam.

Kwenye fomu utalikuta neno "domicile". Kanuni inaeleza kwamba ni mahali palipo na makazi yako makuu ndani ya Marekani, ukiwa na nia ya kuendelea nayo kwa siku zinazoonekana mbele. Kuna mambo mawili hapo: mahali na nia. Pasipoti ya Marekani inathibitisha uraia wako, lakini haisemi lolote kuhusu mahali unapoishi wala unakokusudia kuishi.

Sababu ya sharti hili ni kwamba I-864 ni mkataba kamili. Mwenza wako anaweza kuutumia mahakamani kukudai matunzo, na serikali inaweza kukudai ilichomlipia. Mdhamini anayeishi nje ya mipaka moja kwa moja ni vigumu kumfikia.

Kwa hiyo lazima nirudi Marekani kwanza, nimwache mwenzangu huku?

Si lazima. Ile habari kwamba ni sharti ukae Marekani miezi sita kabla ya mahojiano haimo kwenye sheria. Zipo njia tatu kwa mdhamini aliye nje. Ya kwanza ni ya mwenye kazi maalumu ambayo sheria yenyewe inaihesabu kuwa haijamwondolea maskani. Ya pili ni ya aliye nje kwa muda tu, ambaye maskani yake Marekani haijawahi kuvunjika. Ya tatu ni ya mtu aliyehamia nje kweli, lakini anaonyesha kwamba atakuwa ameweka maskani Marekani kabla mwenzake hajaingia nchini humo, au siku ileile.

Kabla hujakusanya karatasi hata moja, amua uko njia ipi, na uamue kwa ukweli. Karatasi za njia moja huweza kubomoa nyingine. Mtu aliyejenga Kigamboni, ana duka Kariakoo na watoto wanasoma Dar kwa mwaka wa nane, akiandika kwamba yuko Tanzania "kwa muda mfupi", ofisa atamsoma mara moja na hatamwamini hata kwenye yale ya kweli. Mtu huyohuyo akiandika, "Nimeishi Dar miaka minane, sasa tunahama, na haya ndiyo tuliyokwisha kuyafanya," ana kesi nzuri kabisa.

Nafanya kazi ubalozini, au Umoja wa Mataifa, au ni mmisionari. Njia ya kwanza inanihusu?

Inaelekea. Inawagusa walioajiriwa nje na serikali ya Marekani, wanajeshi wakiwemo. Taasisi ya utafiti ya Kimarekani inayotambuliwa rasmi. Kampuni ya Kimarekani inayokuza biashara ya nje. Shirika la kimataifa ambalo Marekani ni mwanachama kwa mkataba. Na watumishi wa dini waliotumwa na dhehebu lenye taasisi halali Marekani. Barua ya mwajiri ikitaja cheo, tarehe na aliyekutuma, kwa kawaida jambo limekwisha. Lakini kuajiriwa papa hapa na shirika lisilo la kiserikali, hata likiwa linapata fedha za Wamarekani, hakukuingizi humo. Wewe nenda njia ya pili au ya tatu.

Nipo nje kwa masomo, kwa mkataba wa kazi, au nauguza mzazi. Nitathibitishaje kwamba ni kwa muda?

Ofisa ataangalia mambo matatu: uliondoka kwa kipindi chenye mwisho, ulikusudia kubaki na maskani yako Marekani, na kamba zilizokufunga huko hujazikata.

Kipindi chenye mwisho huonekana kwenye mkataba wa kazi wenye tarehe, barua ya chuo, au kibali cha ukaazi. Hapa kuna jambo ambalo watu wetu hulisahau. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo Mtanzania aliyechukua uraia wa Marekani akirudi huishi kama mgeni, kwa kibali. Kibali hicho kinachomkera kila anapokihuisha ni ushahidi mzuri kwamba kukaa kwake kuna mipaka. Aliye Oman au nchi nyingine ya Ghuba naye ukaazi wake kwa kawaida umefungwa na mwajiri: mkataba ukiisha, ruhusa ya kukaa nayo huisha. Peleka nakala. Kwa Mkenya mambo ni tofauti, maana katiba ya 2010 iliruhusu uraia pacha na huenda ana kitambulisho cha taifa mfukoni. Yeye ategemee mkataba wa kazi, barua za hospitali na vitu vya namna hiyo.

Kamba za Marekani ni akaunti ya benki inayotumika, mali yenye hati kwa jina lako, kodi za jimbo ulizolipa, anwani ya kudumu ya barua, leseni ya kazi unayoihuisha, na kumbukumbu za kupiga kura. Nyumba uliyoipangisha kwa watu wengine nayo inasaidia: leta hati yake, risiti ya kodi ya mali na mkataba wa mpangaji.

Mimi niliondoka Marekani kabisa. Nifanye nini ili niaminike kwamba narudi?

Hii ndiyo njia ya wengi, na ndiyo yenye kazi. Kipimo si kigumu kama watu wanavyodhani: ofisa anatakiwa aone kwamba yaelekea zaidi utaweka maskani kuliko kutoweka. Hadai uhakika. Ila maneno matupu hayafiki hata kwenye kipimo hicho, anataka kuona hatua zilizokwisha kupigwa, kila moja ikiwa na tarehe.

Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani yenyewe hutoa mifano: kufungua akaunti ya benki Marekani, kuhamishia fedha huko, kuwekeza, kutafuta kazi, kuandikisha watoto shule, kuomba namba ya Hifadhi ya Jamii, kupiga kura. Mfano mmoja peke yake haubebi kesi. Kinachoshawishi ni pale karatasi zinapopokezana: barua ya kaka anayekupokea Columbus inataja chumba na mtaa, akaunti ya benki ina anwani hiyohiyo, maombi ya kazi yamepelekwa kwa waajiri wa Columbus hiyohiyo, na shule uliyoiandikia iko katika eneo hilo. Anwani ya benki ikiwa ya Houston, kazi umeomba Seattle na ndugu anakungoja Columbus, ofisa ataona mtu ambaye bado hajajua anakwenda wapi.

Upande wa huku pia una uzito, na watu wengi huusahau. Taarifa kwa mwenye nyumba kwamba hutahuisha mkataba wa pango, makadirio ya kampuni ya kusafirisha mizigo, tangazo la kuuza gari, barua ya shule kwamba mtoto hataendelea muhula ujao: hivi vinaonyesha maisha ya huku yanafungwa. Lakini msiache kazi, msiuze nyumba na msinunue tiketi isiyorudishwa fedha kabla viza haijatoka. Ubalozi wenyewe huonya hivyo, na hakuna ofisa anayetegemea mvunje kila kitu kabla ya jibu. Nafasi ya ndege iliyowekwa bila kulipiwa inatosha kuonyesha mpango.

Nipe mfano wa kesi nzima ilivyo.

Tuseme mdhamini ni nesi. Alizaliwa Arusha, akawa raia wa Marekani akiwa Minnesota, kisha akarudi kumuuguza mama yake. Mama akafariki, naye kwa wakati huo ameshaolewa na mwalimu wa Arusha. Sasa wanataka kwenda Minneapolis, kwa dada yake.

Anaweza kubishana kwamba alikuwa Arusha kwa muda tu, na angekuwa na haki ya kujaribu. Lakini aliuza gari lake la Marekani, akaacha pango, na miaka imepita. Kwa maoni yangu anatembea salama zaidi kwenye njia ya tatu, huku zile kamba ambazo hazikukatika akizileta kama nyongeza.

Faili lake basi lina barua yake yenye kurasa mbili. Barua ya dada inayosema watakaa chumba kipi na kwa muda gani, pamoja na nakala ya kitambulisho cha dada na bili ya umeme ya nyumba hiyo. Uthibitisho kwamba amehuisha leseni ya uuguzi ya Minnesota. Barua pepe tatu za hospitali zilizomwita kwenye usaili. Taarifa za akaunti ya benki ambayo hakuifunga, zikionyesha fedha alizoanza kuihamishia. Kibali chake cha ukaazi cha Tanzania chenye tarehe ya kuisha. Cheti cha kifo cha mama. Na taarifa aliyompa mwenye nyumba.

Barua yake, ambayo ataipeleka kwa Kiingereza, ina maneno ya namna hii:

"Nilitoka Minneapolis kuja kumuuguza mama yangu, aliyefariki mwezi Februari. Sababu iliyonileta imekwisha. Mimi na mume wangu tumeamua kuishi Minneapolis, ambako tutaanzia nyumbani kwa dada yangu, kwenye anwani iliyo katika Kiambatisho A. Leseni yangu ya uuguzi ni hai (Kiambatisho B), na nimeshafanya usaili na waajiri watatu (Kiambatisho C). Nitasafiri pamoja na mume wangu au kabla yake. Sitabaki nyuma."

Angalia jinsi kila sentensi ya dai inavyoshikwa na kiambatisho. Hakuna hadithi ya mapenzi humo, maana hiyo ilishasemwa kwenye I-130. Hakuna sifa za Marekani. Cheti cha kifo kipo kwa sababu kinaeleza kwa nini anahama sasa, na swali la "kwa nini sasa" ofisa atakuwa nalo hata asipolitamka.

Kaka yangu Texas ana kipato kikubwa. Akiwa mdhamini wa nyongeza, si basi?

Sivyo, na hapa ndipo kesi nyingi huangukia. Mdhamini wa nyongeza huziba pengo la kipato tu. Wewe uliyewasilisha I-130 lazima ujaze I-864 yako, hata kama kipato chako ni sifuri, na lazima uwe na maskani au uonyeshe utaiweka. Ukishindwa hapo huhesabiwi kuwa mdhamini, na asipokuwepo mdhamini wa kwanza hakuna nafasi ya wa nyongeza. Kaka awe tajiri namna gani, haisaidii. Naye mwenyewe, mkimtumia, lazima awe raia au mkaazi wa kudumu mwenye maskani Marekani, ingawa si lazima aishi nanyi wala jimbo moja nanyi.

Sina nyumba wala mkataba wa pango huko. Nitaaminika?

Ndiyo. Kuanzia kwa ndugu ni jambo la kawaida, na maofisa wa Nairobi na Dar es Salaam wanawajua watu wetu. Aliyewakaribisha aandike barua yenye anwani kamili, uhusiano wenu, idadi ya watu mtakaokuja na muda mtakaokaa. Aambatanishe uthibitisho kwamba nyumba ni yake au ameipanga. Muhuri wa mthibitishaji unaipa barua uzito, japo barua iliyo wazi isiyo na muhuri ni bora kuliko yenye muhuri isiyosema kitu.

Kuna wakala anauza mkataba wa pango na barua ya kazi. Nichukue?

Usichukue. Nakuomba kwa moyo wote. Uongo wa makusudi kwenye jambo la msingi unaweza kumfungia mwombaji mlango wa Marekani kwa maisha yake yote, na huyo mwombaji ni mumeo au mkeo, si wakala. Ofisa anaweza kumpigia simu huyo mwenye nyumba. Kesi dhaifu ya kweli hutengenezeka kwa kuongeza hatua na karatasi. Ikishaingiwa na karatasi ya kughushi, hakuna karatasi nyingine ya kuisafisha.

Sijawasilisha kodi Marekani tangu nihamie huku. Ina uhusiano na maskani?

Ina uhusiano mkubwa, kwanza kwa sababu I-864 inadai hati ya kodi ya mwaka wa karibuni au maelezo kwa nini hukutakiwa kuiwasilisha. Raia wa Marekani hutozwa kodi kwa kipato chake popote duniani, na kiwango cha kulazimika kuwasilisha ni kidogo kuliko wengi wanavyofikiri. Mwenye ndoa anayewasilisha peke yake, kama ilivyo kwa wengi wenye wenza wasio raia, hulazimika kipato kikifika dola 5 tu. Dola tano. Anayesema "mshahara wangu wa huku ni mdogo" karibu siku zote alitakiwa kuwasilisha.

Kuwasilisha si lazima kuwe kulipa. Fomu 2555 huondoa kipato kilichopatikana nje hadi kiwango kinachopandishwa kila mwaka, na kwa mwaka wa kodi 2025 ni dola 130,000. Kwa waliochelewa bila kukusudia kukwepa, mamlaka ya kodi, IRS, ina utaratibu rahisi wa kusawazisha: hati za miaka mitatu ya nyuma, na ripoti za akaunti za nje za miaka sita kwa ambaye jumla ya akaunti zake ilivuka dola 10,000. Lifanye hili mapema. Ofisa akiona hati zote zimewasilishwa wiki moja kabla ya mahojiano hatakukatalia kwa hilo pekee, ila hazitakuwa na nguvu ya ushahidi wa kamba za miaka yote.

Kupiga kura kutoka nje kunasaidia kweli?

Kunasaidia. Raia aliye nje anaweza kuomba kura ya kutumiwa kupitia jimbo alikoishi mara ya mwisho, kwa fomu ya kadi ya posta ya shirikisho inayojazwa kila mwaka. Hifadhi barua pepe ya ofisi ya uchaguzi iliyokuthibitisha.

Lakini hili ni la raia tu. Mwenye grini kadi asijiandikishe na asipige kura katika uchaguzi wa shirikisho, hata akiandikishwa kimakosa kwenye ofisi ya leseni. Ni kosa linaloweza kumfukuzisha nchini.

Kwenye I-864 kuna mahali pa kuandika nchi ya maskani. Niandike Tanzania?

Usijaze kwa mazoea. Watu huandika nchi wanakoishi, kumbe wamekiri wenyewe kwamba sharti halijatimia. Kama uko njia ya kwanza au ya pili, maskani yako ni Marekani, na ndivyo unavyoandika. Makazi ya sasa yana nafasi yake tofauti, na hapo unaandika anwani halisi ya huku. Kama uko njia ya tatu, ambatanisha barua ya maelezo na rejea barua hiyo kwenye ukurasa wa nyongeza wa fomu, ili jibu lako lisisomwe bila mpango wako. Lisilofaa kabisa ni kuandika anwani ya dada wa Minneapolis kama mahali unapoishi leo, ilhali unalala Arusha.

Mshahara wa huku unahesabika?

Kwa kawaida hapana, isipokuwa utaendelea kutoka chanzo kilekile baada ya kuhama, kama mwajiri anayekuruhusu kufanya kazi kwa mtandao ukiwa Marekani. Kiwango cha chini ni asilimia 125 ya mstari wa umaskini. Kwa kaya ya watu wawili kwenye majimbo mengi kilikuwa dola 26,437 kwa mwaka 2025, nacho hubadilika kila mwaka. Mwanajeshi aliye kazini anayemdhamini mume au mke hutakiwa kufikia asilimia 100 tu. Mali nazo hukubalika: raia anayemdhamini mwenza aonyeshe mali yenye thamani mara tatu ya pengo lililobaki. Kiwanja cha Bagamoyo kinaweza kuhesabiwa ikiwa kina hati, kimethaminiwa, kinaweza kuuzwa ndani ya mwaka, na fedha zake zinaweza kutolewa nchini. Barua ya ahadi ya kazi ina nguvu kwenye maskani kuliko kwenye kipato, kwa hiyo usimtupe mdhamini wa nyongeza kwa sababu yake.

Nani atangulie kusafiri?

Mdhamini atangulie, au mwende pamoja. Mwenza asiingie kabla yako. Kanuni inataka maskani iwepo siku anapopokelewa mpakani. Mkifika pamoja kwenye foleni ya uhamiaji na wewe umekusudia kuanza maisha huko, inatosha. Mwenza akifika peke yake huku wewe umebaki Mombasa kumalizia biashara, ofisa wa uwanja wa ndege ana haki ya kuuliza mdhamini yuko wapi. Viza ya uhamiaji kwa kawaida hudumu hadi miezi sita, na muda huo huweza kuwa mfupi zaidi kufuatana na tarehe ya kipimo cha afya, kwa hiyo mna nafasi ya kupangana.

Kama ushahidi wako wa karatasi ni hafifu, kutangulia ndiyo dawa kali kuliko zote. Mdhamini aliyekwisha kuhamia, mwenye pango, hati za mshahara na leseni ya udereva, hahitaji tena kumshawishi mtu kuhusu nia yake. Gharama yake ni kutengana kwa miezi kadhaa, na kwa wenye watoto wadogo gharama hiyo ni kubwa. Ndiyo maana nasisitiza kuanza kuandaa maskani siku ileile unapotuma I-130: muda wa kusubiri ndio muda wa kujenga ushahidi.

Mimi nina grini kadi, si raia. Naishi Nairobi na mke wangu.

Shughulikia hali yako kabla ya ya mkeo. Mwenye grini kadi anayeishi nje anaweza kuhesabiwa kwamba ameacha ukaazi wake, na akikaa zaidi ya mwaka bila kibali cha kurudi, kadi yenyewe haitoshi kumrudisha. Kibali cha kurudi huombwa kwa fomu I-131 ukiwa ndani ya Marekani, na kwa kawaida hudumu hadi miaka miwili. Wachache wenye kazi za nje zinazotambuliwa na sheria huweza kulinda makazi yao kwa fomu N-470, na waliokubaliwa hivyo huhesabiwa kuwa na maskani. Kwa wengine wote, ushauri wangu ni kuonana na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kutuma chochote, kwa sababu ukijieleza vibaya kuhusu maskani unaweza kupoteza hata kadi uliyo nayo.

Nyaraka za Kiswahili zinahitaji tafsiri?

NVC hudai tafsiri ya nyaraka zisizo za Kiingereza wala za lugha rasmi ya nchi unakoombea viza. Cheti cha Kiswahili kwa kesi ya Tanzania kinaweza kupita, lakini barua na mikataba ya maskani mimi ningeitafsiri yote. Mfasiri aandike tu kwamba anazimudu lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi, kisha atie saini na tarehe.

Amri za kuzuia viza zinabadilisha haya?

Hazibadilishi sharti la maskani, ila zinaweza kuzuia viza yenyewe. Tangu Juni 2025 kuna amri za rais zinazozuia au kupunguza viza kwa raia wa baadhi ya nchi. Somalia na Burundi zimo tangu mwanzo, na orodha ikarefushwa baadaye. Soma tangazo la ubalozi wako kabla ya kulipa ada yoyote, na uangalie tena kabla ya mahojiano.

Tumepewa karatasi ya 221(g) inayodai ushahidi wa maskani. Ndiyo tumekataliwa?

Si kukataliwa kwa mwisho. Kifungu hicho cha sheria ya uhamiaji, kikitumika hivi, kinamaanisha faili halijakamilika. Una mwaka mmoja kuanzia siku hiyo kuleta kilichoombwa, na mwaka ukipita bila wewe kujibu, ombi hufungwa na huenda mkaanza upya na kulipa ada upya. Usijibu siku ya pili kwa hasira na barua ya mistari mitano. Soma kilichotajwa, tazama tena umesimama njia ipi kati ya zile tatu, piga hatua mpya zenye tarehe za baada ya mahojiano, kisha jibu mara moja kwa faili lililopangwa: barua ya mdhamini mbele, viambatisho kwa herufi nyuma yake. Kama I-864 ya awali ilikuwa na jibu lililopotosha kuhusu maskani, jaza mpya na ueleze kwenye barua ulichosahihisha. Andika namba ya kesi juu ya kila ukurasa, tuma kwa njia ambayo karatasi ile imeelekeza, na ubaki na nakala ya kila ulichotuma.